Catch a Fire: Nani Alikiona cha Moto?

"Stir It Up" niliyokua nayo mimi ilikuwa kwenye kaseti ya TDK ya dakika 90, imerekodiwa kwenye kibanda kimoja Kariakoo, jina limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya bluu: BOB MALEY. Herufi moja ilimponyoka mwandishi. Ilikuwa kopi ya Legend, ule mkusanyiko wa mwaka 1984 ambao kwa wengi wetu huku ndio mlango tuliopitia kuingia kwenye rege. Katika wimbo ule kuna gitaa linalolia chinichini kama mtu anayeongea huku kafumba mdomo, linajipenyeza kila mahali Marley anapovuta pumzi. Miaka nenda rudi nilijua hiyo ndiyo sauti ya Kingston, Jamaika. Kumbe aliyelipiga ni kijana wa kizungu kutoka Alabama, Wayne Perkins, ambaye siku anaitwa kulipiga, huko London, rege ilikuwa ngeni kabisa masikioni mwake.

Wimbo huo Legend iliuchukua kutoka Catch a Fire, albamu ya kwanza ya The Wailers, bendi ya Marley, kutolewa na Island Records, Aprili 1973. Nusu karne imepita na ubishi wake haujaisha. Kuna wanaosema Chris Blackwell, mwenye Island, ndiye aliyeifungulia rege dunia. Kuna wanaosema aliichukua rege akaivalisha koti la rock ili wazungu wasiiogope. Nimewahi kukaa kambi zote mbili, na kila kambi nilikaa kwa kiburi kilekile. Siku hizi naona wote tulikuwa tunagombea gitaa, wakati mali iliyopotea ilikuwa nyingine.

Kwanza yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 70 The Wailers walikwama London baada ya safari yao na mwimbaji Mmarekani Johnny Nash kutozaa walichotarajia. Hawakuwa na fedha, na baridi haikuwa na huruma. Wakaenda kwa Blackwell. Yeye akawapa pauni 4,000 warudi Jamaika wakatengeneze albamu nzima, bila kumfuata mtu nyuma kuhesabu risiti. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi watu walivyomcheka kwamba fedha ile kaitupa baharini. Haikuwa baharini. Ilikuwa Kingston, kwenye studio za Dynamic, Harry J na Randy's, ambako Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston waliimba huku ndugu wawili, Aston "Family Man" Barrett kwenye besi na Carlton Barrett kwenye drams, wakishika usukani. (Kwenye "Concrete Jungle" besi ni ya kijana mwingine, Robbie Shakespeare, ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye.)

Nyimbo kadhaa hazikuwa mpya. "Stir It Up" walishaitoa mwaka 1967. "400 Years" na "Stop That Train", zote mbili za Tosh, zilisharekodiwa kwa maprodyuza wengine kabla Island haijaingia. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo wanaozungumza kana kwamba bendi iliokotwa njiani ikiwa haina kitu. Walikuwa wameimba pamoja miaka kumi.

Marley akasafiri na kanda kwenda London. Peter na Bunny walibaki nyumbani. Huko Basing Street, kwenye kanisa la zamani lililogeuzwa studio, kanda zile zilifunguliwa upya. John "Rabbit" Bundrick kutoka Texas, ambaye alishafahamiana na Marley kupitia kwa Nash, aliongeza vinanda. Perkins alikuwa kwenye jengo hilohilo akirekodi na bendi yake; Blackwell alimkuta kwenye ngazi akamwomba aje apige kidogo. Perkins amesimulia alivyohangaika kutafuta pigo la kwanza liko wapi, maana kwa mtu wa rock rege inasimama kichwa chini miguu juu: pale anapotarajia drams zigonge, hapagongwi. Hatimaye akalipata, akapiga solo kwenye "Concrete Jungle", akapiga "Stir It Up", akapiga "Baby We've Got a Date". Nyimbo nyingine mbili walizokuja nazo, "High Tide or Low Tide" na "All Day All Night", ziliachwa nje.

Sasa, mtetezi wa Blackwell ana hoja, tena si dhaifu. Uingereza ya wakati ule ilikuwa inaichukulia rege kama muziki wa santuri ndogo: wimbo mmoja wa kuchekesha, unachezwa kiangazi, unasahaulika. Albamu za rege nyingi zilikuwa mafungu ya nyimbo zilizokwishatoka moja moja. Fedha na heshima vilikuwa kwa wanafunzi wa vyuo waliokaa chini na kusikiliza albamu nzima, upande wa kwanza na wa pili, wakisoma maandishi ya jalada. Blackwell aliijua hadhira hiyo, maana Island ilikuwa tayari inauza rock. Wala hakuwa mgeni kwenye muziki wa Jamaika: amekulia huko, aliianzisha Island hukohuko mwaka 1959, na mwaka 1964 ndiye aliyemtoa Millie Small na "My Boy Lollipop". Alikuwa ametoka kumpoteza mwimbaji wa rege Jimmy Cliff, aliyehamia kampuni nyingine. Kwa hiyo alipowaona hawa watatu wakiingia ofisini wamekufa njaa lakini wanatembea kama wenye jengo, alijua amepata nini.

Tena Marley alikuwemo chumbani. Hili wapinzani hulirukia juu juu. Hakuletewa albamu kwa posta akashtuka. Perkins anasema baada ya solo ya "Concrete Jungle" Marley alimjia kwa furaha, msokoto mkononi, akamshukuru. Na mtu hahukumiwi kwa alichokubali siku moja tu, hukumu yake ni alichofanya baadaye akiwa huru: mwaka 1974 Marley alimchukua Al Anderson, mpiga gitaa Mmarekani, na mwaka 1977 Junior Marvin, mwingine mwenye vidole vya rock. Hadi anafariki Mei 1981 bendi yake haikukosa gitaa la solo la namna ile. Kama Blackwell alimlisha sumu, basi Marley aliendelea kuomba kuongezewa.

Na hao waliojiondoa? Peter Tosh, aliyekuwa akimwita Blackwell "Whiteworst" kwa kuligeuza jina lake, alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976 alimtumia Al Anderson huyohuyo. Mwaka 1978 alisaini na kampuni ya The Rolling Stones na kuimba na Mick Jagger. Bunny naye alitoa Blackheart Man mwaka 1976, ambayo nje ya Jamaika ilisambazwa na Island. Siwacheki. Nasema tu kwamba suala la "rock imeingia kwenye rege" halikuwa mpaka ambao wenyewe waliulinda kama sisi tunavyoulinda kwa niaba yao. Ska yenyewe, muziki uliotangulia rege, ilizaliwa na vijana wa Kingston waliokesha wakitegesha redio wasikie R&B ya New Orleans, na The Wailers walijifunza kupanga sauti tatu kwa kuwaiga The Impressions wa Chicago. Usafi unaodaiwa kuchafuliwa London haukuwahi kuwepo Trench Town, mtaa wa Kingston walikotokea.

Ila upande wa pili nao usipite haraka. Mwaka 1975 mshairi Linton Kwesi Johnson, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia London, aliandika kwenye jarida la Race Today akilichambua jambo hili kwa ukali. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba kwenye Catch a Fire kulitengenezwa aina nyingine ya rege, rege ya kimataifa, na kwamba namna Marley alivyouzwa iligeuza uasi wa watu maskini kuwa bidhaa ya kumburudisha kijana wa rock. Johnson hakuwa mhafidhina wa kulinda makumbusho. Alikuwa mtu mweusi kijana London, ambaye kwake muziki ule ulikuwa habari ya jana usiku mtaani. Kumwona jirani yako wa kizungu, ambaye jana aliuita ule muziki kelele, leo anausifu kwa sababu umeongezwa gitaa analolijua, lazima kuume.

Kwa miaka mingi ubishi huu ulikuwa wa kusadiki tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kanda za Jamaika. Mwaka 2001 zikatoka: toleo la diski mbili, moja ikiwa miksi ya Kingston kabla ya London, nyingine ile ya 1973. Ndipo kila mtu akaweza kukaa na spika zake akahukumu.

Chukua "Concrete Jungle". Ya London inaanza kama mtu anayekuja kwa kunyata: kinanda kinatikisika, gitaa linajivuta, besi inaangusha noti mbili tatu kama mlevi anayetafuta mlango, halafu ghafla kila kitu kinakaa mahali pake na sauti zinaingia. Katikati Perkins anapiga solo yake, na mwisho wa solo anaishika noti moja, anaing'ang'ania, inapanda yenyewe ikilia kwenye spika kama king'ora kinachotokea mbali. Ukweli ni kwamba inasisimua. Ya Kingston haina hayo. Pale penye solo pana uwanja mtupu. Besi na drams zinaendelea na safari, gitaa la rithim linakata vipande vyake, na sauti tatu zimesimama karibu karibu kama watu watatu chini ya mwavuli mmoja. Wimbo unasimulia mji wa zege ambako jua halichomozi, na ukavu ule unauchora vizuri kuliko king'ora chochote. Ya London inakueleza kwamba ghetto ni mahali pa hatari. Ya Kingston inakueleza kwamba ghetto ni mahali ambako siku hazina tofauti.

Ningependa kusema naipenda ya Kingston zaidi, ningeonekana mjuzi. Kwa "Concrete Jungle" ni kweli. Lakini niliposikia "Stir It Up" ya Kingston kwa mara ya kwanza, nilijikuta nalipiga lile gitaa la Perkins kwa mdomo, nikijaza mapengo ambayo hayakuwa mapengo. Sikio langu la Kariakoo lilishaandikishwa London zamani. Basi mtu kama mimi akisimama kijiweni kudai "asili" inabidi kwanza ajiulize asili ipi, ya nani, na aliipata kwenye kaseti gani.

Hapa hatuna ugeni na jambo hili. Remmy Ongala na Super Matimila walipokwenda Uingereza kurekodi kwa kampuni ya Real World, albamu ikatoka mwaka 1989, safi, kila chombo kinasikika peke yake kama kimeoshwa. Waliomzoea Remmy wa ukumbini na wa Redio Tanzania, vumbi na yote, walijua ni yeye, na walijua kuna kitu kimebaki Sinza. Hata taarab, ukiwauliza wazee wa Zanzibar kuhusu kinanda cha umeme, jiandae kukaa mpaka magharibi.

Turudi kwenye hoja moja ya Blackwell ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa kuliko zote: kwamba bila gitaa lile dunia isingenunua. Dunia haikununua. Wahakiki wa rock waliisifu Catch a Fire, lakini Marekani haikupanda juu ya nafasi ya 171 kwenye chati ya albamu. Kwa kitu kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya soko, soko lilijibu kwa kupiga miayo. Ziara ya Marekani mwaka huohuo ilifika mahali wakawa wanafungua maonyesho ya bendi ya Sly and the Family Stone, wakatimuliwa baada ya maonyesho machache.

Kilichofungua mlango? Kabla mwaka haujaisha walitoa Burnin', na safari hii bila mpiga gitaa wa kukodiwa kutoka Alabama. Ni kavu zaidi, ya ngoma zaidi, ya hasira zaidi. Ndani yake kulikuwa na "I Shot the Sheriff". Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton akaurudia, na Septemba 1974 toleo lake likafika namba moja Marekani. Ndipo watu wakaanza kuuliza nani kauandika. Mwaka 1976 albamu ya Marley Rastaman Vibration ikaingia kumi bora huko. Kwa hiyo ukifuata uchumi wa hadithi hii, wimbo uliovunja mlango ulitoka kwenye albamu isiyobembeleza. Mtetezi atasema Clapton asingeisikia Burnin' kama Catch a Fire haikutangulia, na sina namna ya kumkatalia. Lakini asiniambie tena habari za mauzo.

Sasa jalada, ambalo watu huliona kama pambo, na mimi naona ndiko kesi ilipo.

Jina la albamu limetoka kwenye "Slave Driver". Kwa Kiingereza cha Jamaika, kumwambia mtu atashika moto ni kumtishia. Sisi tungemwambia: utakiona cha moto. Anayeambiwa ni mnyapara wa watumwa, kwamba meza imepinduka na zamu yake imefika. Ni mstari wa mtu ambaye babu zake waliuzwa. Wabunifu wawili wa Marekani, Rod Dyer na Bob Weiner, wakautafsiri kuwa kiberiti cha Zippo. Jalada lilichongwa mfano wa Zippo hasa, nusu ya juu imeshikizwa kwa ribiti, unaifungua kwa kuiinua, ndani unakuta mwali wa karatasi. Kama kitu cha kushika mkononi ni kizuri mno. Ukiliona leo kwa mwenye nalo hataki hata uliguse. Lilikuwa ghali kutengeneza, likaachwa baada ya nakala za mwanzo. Lakini tazama kilichotokea kwenye maana: moto wa kumchoma mnyapara umekuwa moto wa kuwashia sigara. Hakuna gitaa lililoweza kufanya kazi kubwa namna hiyo ndani ya wimbo. Maneno ya "Slave Driver" yalibaki yaleyale, na "400 Years" ya Tosh ikabaki inahesabu miaka yake bila kupunguziwa hata mmoja. Muziki ulistahimili. Kifungashio ndicho kilichosalimu amri.

Jalada la pili ndilo lililo kwenye nyumba nyingi: picha iliyopigwa na Esther Anderson, Marley peke yake, karibu kabisa, akivuta msokoto mnene kama kidole gumba. Na hapo jina likabadilika. Albamu iliyotoka kama ya The Wailers ikawa ya Bob Marley and the Wailers.

Mtetezi wa Blackwell atajibu kuwa ni biashara ya kawaida, kila bendi inahitaji uso, na nyimbo saba kati ya tisa ni za Marley. Ni kweli, saba. Mbili za Tosh. Ila hesabu ya watunzi siyo hesabu ya sauti. Kitu kilichowatofautisha The Wailers na kila mtu Kingston kilikuwa namna sauti tatu zilivyoegemeana: ya Bunny juu, ya Peter chini, ya Bob ikichana katikati. Tazama walipoimba kwenye kipindi cha Old Grey Whistle Test cha BBC mwaka 1973, bila Perkins: Peter amevaa miwani myeusi, gitaa lake linakoroma kwa pedali ya wah, Bunny ana ngoma zake, na hakuna mtu kwenye jukwaa lile anayeonekana kuwa mwitikiaji wa mwenzake. Bendi ilikuwa na gitaa lake tayari. Lilikuwa mkononi mwa Peter.

Bunny aliacha kusafiri baada ya ziara ya Uingereza mwaka huo, na kule Marekani ikabidi mwalimu wao wa zamani, Joe Higgs, ashike nafasi yake. Mwaka uliofuata Peter naye akaondoka. Sababu zilikuwa nyingi, baadhi zao wenyewe: Bunny hakutaka baridi, hakutaka vyakula vya safarini wala kumbi zile, Peter hakuwa mtu wa kukaa kimya mbele ya bosi yeyote. Si haki kumbebesha Blackwell yote. Watu watatu wenye vichwa vya aina ile labda wangeachana hata kama wangebaki Trench Town wakiuza samaki. Lakini kuna tofauti kati ya ndugu kugombana na mgeni kuwapangia viti.

Baada ya hapo walikuja I-Threes, Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt, sauti nzuri za ajabu, ila zimepangwa nyuma ya mtu mmoja. Albamu zilizofuata ni kubwa, nyingine naziweka juu ya Catch a Fire. Hakuna hata moja yenye ule mwavuli wa watu watatu.

Ile TDK ninayo bado, ingawa sina tena cha kuichezea. Upande A, baada ya "Buffalo Soldier", inakuja "Get Up, Stand Up", na beti la mwisho haliimbwi na Marley. Ni Peter, sauti nzito, anaingia kama mtu aliyesubiri sana nje ya mlango. Mwandishi wa kibandani alisikiliza kaseti nzima kuhakikisha haijakatika, nina hakika, maana alikuwa makini na kazi yake. Ubavuni akaandika jina moja.